Lipeni hongo, wazee wa miaka 19

Nimeulizwa mara tatu wiki hii, eti kwa nini wewe mwandishi huwaandiki wale vijana wa mashati meupe na tai wanaotembea wawili wawili hapa Dodoma? Haya, leo nawaandika. Ila wale wanaotaka niandike kwamba vijana hao ni Freemason wasiendelee kusoma, watapoteza muda wao. Fundi baiskeli mmoja wa Nkuhungu aliniapia kuwa mle kwenye mabegi yao ya mgongoni mna mashine ya kupima madini. Mwingine akasema ni CIA. Jamani! Jasusi gani anatembea mchana kweupe na beji kifuani yenye jina lake la ukoo na jina la kanisa lake, halafu anakuomba yeye mwenyewe namba ya simu?

Ni Wamormoni. Wenyewe hawalipendi jina hilo. Tangu 2018 wanasisitiza waitwe kwa jina kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo ukilitamka lote ndani ya daladala utapitishwa kituo. Kanisa lilianzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka 1830, makao makuu yako Salt Lake City, na Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000. Wana wamisionari zaidi ya 70,000 duniani. Wengi wao ni watoto. Ndiyo, nimesema watoto. Tangu 2012 mvulana anaruhusiwa kutumwa akiwa na miaka 18, umri ambao kwetu kijana ndiyo kwanza anasubiri matokeo ya kidato cha sita na mama yake bado anamficha baba asijue amerudi saa ngapi.

Mimi si muumini wao na sina mpango. Lakini sina ugomvi na mtu kubisha hodi. Hodi ni ustaarabu, na mwenye nyumba ana haki ya kusema karibu au kunyamaza mpaka waondoke. Ugomvi wangu unaanzia kwenye beji. Kanisa lao lilipotafuta neno la Kiswahili la kutafsiri cheo cha hawa vijana, likachukua neno Mzee. Soma maandishi yao rasmi ya Kiswahili utaliona: mtume wao mwenye miaka 80 ni Mzee fulani, na kijana wa miaka 19 aliyetoka Idaho juzi naye ni Mzee fulani.

Hebu jaribu kuingia nalo neno hilo soko la Majengo uone. Nilikuwepo. Bodaboda mmoja, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, ndevu zimeanza mvi, alisoma ile beji, akashuka kwenye pikipiki, akainama kabisa: "Shikamoo Mzee!" Kijana akajibu kwa furaha kubwa, "Marahaba!" Kijiwe kizima kikalipuka kwa kicheko. Yeye naye akacheka, hakujua anachochekewa. Mwenzake, kijana wa Kizimbabwe, alijua. Nilimwona anaangalia chini.

Kulikuwa na bibi anauza mlenda mkavu pale pembeni. Hakucheka. Alimwita yule kijana, akamuuliza baba yake anajua kwamba yuko huku mbali hivi? Anajua. Mama je, analala usingizi? Kijana akakwama kwenye Kiswahili. Bibi akamwambia, "Mimi siwezi kukuita mzee, nitajilaani. Wewe mjukuu wangu." Tangu siku hiyo nimeamua kwamba yule bibi ndiye mtaalamu wa tafsiri kuliko ofisi nzima iliyokaa ikachagua lile neno.

Sasa, kabla hamjanishangilia, nisikilizeni. Niliketi nao hao wawili zaidi ya saa nzima pale Nyerere Square, nikawauliza siku yao ikoje. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi, uji, kusoma maandiko peke yake, kusoma na mwenza, kusoma lugha. Halafu njiani, kwa miguu, hadi usiku. Hawaachani. Mmoja akienda kununua nyanya na mwingine anaenda. Hakuna mpenzi, hakuna sinema. Hawanywi pombe, hawavuti sigara, na hawanywi chai wala kahawa, jambo ambalo kwa Tanzania ni balaa kuliko kukataa pombe. Ukikataa pombe ya mtama watasema mlokole. Ukikataa chai mama mwenye nyumba anauliza, kwani kikombe changu kina nini? Yule wa Idaho aliniambia kuna nyumba walioshinda mtihani huo kwa sababu mama aliwachemshia mchaichai, ambao kwao hauna tatizo. Alisimulia kama mtu aliyeokolewa na mamba.

Wavulana wanakaa miaka miwili, wasichana miezi kumi na minane. Hawalipwi, wanalipa wao. Familia ya Kimarekani ilikuwa inatoa dola 400 kwa mwezi, na tangu Julai 2020 imekuwa 500. Waafrika wanachangia kulingana na uwezo na kanisa linajazia. Mpaka mwanzoni mwa 2019 walikuwa wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Sasa ni kila wiki. Miaka miwili, mara mbili kwa mwaka! Askari wetu waliokwenda kulinda amani Darfur walikuwa wanaongea na wake zao mara nyingi kuliko hapo.

Kwa hiyo anayesema hawa ni wavivu waliokuja kutalii, hajui anachosema. Watalii nawajua. Watalii ni wale wa wiki mbili, wanaokuja kwa kikundi, wanapaka rangi ukuta wa darasa ambao fundi wa kijijini angeupaka kwa siku moja, wanapiga picha wamebeba watoto wasiojua majina yao, wanalia uwanja wa ndege, wanakwenda zao. Eti nao wamefundisha. Kufundisha nini? Wimbo mmoja wa Kiingereza na kupiga makofi. Hao sina la kuwaambia kwa leo.

Lakini huyu anayekaa miaka miwili nina la kumwambia, kwa sababu yeye anaweza kuelewa. Neno lenyewe ni hongo.

Usishtuke. Leo hongo ni ile anayoipokea mtu dirishani ili faili lako lionekane. Zamani katika Ugogo hongo ilikuwa kitu halali kabisa. Karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na Buganda ilipita hapa kwetu, nchi kavu, visima vya kuhesabu. Maji yalikuwa na wenyewe. Ukitaka kupita, ukitaka kuteka, unapeleka kwa mtemi vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Unakaa, unangoja, unajieleza wewe ni nani na unakwenda wapi. Hapo ndipo unapita. Wazungu walichukia kweli. Stanley alipopita mwaka 1871 akielekea kumtafuta Livingstone alilalamika juu ya hongo ya Ugogo kana kwamba ameibiwa, wakati maji aliyakunywa na punda wake wakayanywa. Kumbe Wagogo walikuwa wanasema jambo la haki tu: huwezi kuingia nchi ya watu kama uko porini.

Mimi nasema hongo irudi. Siyo shanga. Anayekuja kutufundisha atulipe kwanza kwa kufundishwa. Lugha, salamu, nani anaitwa nani, nani alizikwa wapi na kwa nini hapo hapajengwi. Akimaliza kulipa, aseme yake, tutamsikiliza.

Na hii siyo ndoto yangu. Imewahi kufanyika hapa hapa. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS kutoka Uingereza walishika Mpwapwa mwaka 1876 kama kituo cha njiani kwenda Buganda, wakakaa kwa kudumu kuanzia 1878 na daktari Baxter na mwenzake Joseph Last. Kabla yao alipita kijana wa Kiskoti, Alexander Mackay, injinia, miaka 27, aliyepewa kazi ya kufungua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877, maili 230 hivi. Vitabu vinasema Mackay alikata barabara. Alikata na shoka la nani? Waliokata miti ni vibarua wake Waafrika, na jina la hata mmoja hulioni kwenye hadithi ya shujaa. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Wengi katika wamisionari wale walikuja na jeuri zao, sitaki kuwasafisha. Lakini huyo Last alifanya kitu. Aliketi na watu akauliza: hiki mnakiitaje? Na hiki? Mwaka 1885 akachapisha kitabu chenye maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48 za upande huu wa Afrika, na mwaka uliofuata sarufi ya Kikaguru. Fikirini, watu wangapi walimvumilia yule mzungu na maswali yake ya kitoto, kichwa mnaitaje, jana mnaitaje, mpaka akajaza daftari? Kila mmoja wa hao alikuwa mwalimu wake. Alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu, na ndiyo maana leo wanaosoma historia ya lugha zetu bado wanamfungua.

Halafu njooni kwenye ufundishaji wenyewe. Nani alifundisha kusoma katika vijiji vya Ugogo na Ukaguru? Ukiuliza kanisani utaambiwa wamisionari. Si kweli, au ni kweli robo. Mmisionari alikuwa mmoja kwa eneo la kutembea siku kadhaa. Aliyekaa kijijini alikuwa mwalimu Mwafrika, aliyejifunza herufi jana na leo anazifundisha chini ya mbuyu, Jumapili anaongoza ibada, Jumatatu anazika, kwa ujira mdogo mno. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza. Kizuizi si raha, ila walimu Waafrika walikamatwa pia, na wao wakachapwa viboko, wakituhumiwa kuwa majasusi wa Waingereza. Majasusi! Mnaona tuhuma hii ilivyo ya zamani? Vita ikaacha njaa ile wazee wa Kigogo wanaita Mtunya, 1917 hadi 1920, baada ya majeshi kuchukua ng'ombe na nafaka. Waliobaki vijijini kufundisha na kuzika ni wale wale walimu.

Malipo ya uaminifu huo? CMS walikaa Mpwapwa kuanzia 1878. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, yenye makao Dodoma, ikaundwa 1927 na kupewa askofu kutoka Australia, George Chambers. Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza wa nchi hii kuwa askofu wa Kianglikana, aliwekwa wakfu 1955, tena kama askofu msaidizi. Piga hesabu mwenyewe, miaka 77. Mwafrika kuiongoza dayosisi yenyewe ni Yohana Madinda, 1971. Uhuru wa nchi uliwatangulia miaka kumi!

Hapo Wamormoni wanaweza kujipongeza kwamba hawakuwepo. Wasijipongeze. Mwaka huo huo wa 1955, wakati Omari anawekewa mikono Namirembe, Uganda, kanisa la Wamormoni lilikuwa linamnyima mwanaume mweusi ukuhani ambao mvulana mzungu wa miaka 12 aliupata bila jasho. Haikuwa bahati mbaya ya karani fulani. Ulikuwa mwiko rasmi tangu 1852, wakati wa Brigham Young, na uliondolewa Juni 1978. Nyerere alikuwa Ikulu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Mwishoni mwa 2013 kanisa lenyewe lilitoa maelezo yakikana sababu zote zilizowahi kutolewa, ile habari ya laana ya weusi na mengineyo.

Nikawauliza vijana wangu wa Nyerere Square. Yule wa Idaho aliona haya, akasema amesoma kidogo, akaanza kunieleza kwa Kiingereza cha haraka kwamba Mungu ana wakati wake. Yule wa Zimbabwe alimgusa mkono akanyamaza. Kisha akaniambia kwa Kiswahili safi, polepole, kwamba baba yake alipoijua habari hiyo alimuuliza swali hilo hilo, na yeye alikuja misheni swali likiwa bado linamsumbua. "Na nimeamua kubaki," akasema. Hakuniongezea mahubiri. Kwangu mimi huyo ndiye aliyekuwa anafundisha siku ile. Sikukubaliana naye, lakini nilimsikiliza mpaka mwisho, na nina hakika yule bibi wa mlenda angemsikiliza pia.

Je, katika wote waliowakaribisha hao vijana sebuleni wakawapa viti vizuri, wangapi wamewauliza kuhusu 1978? Niliwauliza. Katika miezi yao ya Dodoma aliyewauliza ni mimi na mchungaji mmoja aliyetaka kuwafukuza. Hapa ndipo lilipo jambo la pili linalonikera, na halihusu Idaho. Linatuhusu sisi. Tuna tabia mbili tu mbele ya mgeni anayekuja kufundisha: tunampiga mawe, au tunamkalia kimya kwa adabu na kumwitikia ndiyo, ndiyo. Kumuuliza hatuwezi. Mzungu wa miaka 19 akiongea, mtu mzima aliyelea watoto sita anatoa kofia. Huyo mtoto anafundisha familia ikoje, ndoa ikoje, kwa masomo yaliyokwisha pangwa katika kitabu chao, Hubiri Injili Yangu. Hajaoa! Haruhusiwi hata kumshika msichana mkono! Muulizeni basi, kwa upole, mjukuu wangu, hayo ya ndoa umeyajulia wapi?

Nimesikia jibu: wanafundisha Kiingereza bure. Sawa. Lakini sasa Kiingereza ndiyo kibali cha kutoulizwa?

Mfano wa mtu aliyelipa hongo vizuri ninao, na ni Mmarekani. Mwalimu mstaafu wa Kigogo, Ernest Musa Kongola, kwa miaka mingi aliandika mwenyewe historia ya ukoo wake na ya Ugogo, bila chuo kumtuma. Mwanahistoria Gregory Maddox alikuja Dodoma kutafiti, akamkuta. Angeweza kunakili daftari za mzee, arudi kwao, apate uprofesa, na mzee abaki chini ya ukurasa katika herufi ndogo, kama wale wakata miti wa Mackay. Hakufanya hivyo. Walifanya kazi pamoja, na kitabu kilipotoka mwaka 2006, jina la Kongola likawa pamoja na lake kwenye jalada, na kitabu chenyewe kinahusu jinsi mwalimu huyo alivyofanya kazi ya historia. Huyo Kongola ndiye wa kuitwa Mzee.

Nikisema hongo najua kuna wanaofurahi kwa sababu wanadhani nawasema wazungu peke yao. Poleni. Serikali ilianza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, ingawa uamuzi ni wa 1973. Jiji likatangazwa 2018. Wamekuja maelfu ya watumishi, wamejenga Ilazo, wamejenga Iyumbu, wamechimba visima, yaani wanakunywa maji ya Ugogo kama punda wa Stanley. Hebu mchukue mmoja umuulize mtu akikwambia "mbukwenyi" unajibu nini. Atakwambia, ah, hawa Wagogo bwana, halafu atakuchekesha na ile hadithi ya ombaomba. Miaka yote hii! Anakwenda Mvumi kufungua semina ya kuwafundisha wananchi lishe, bibi anauliza swali kwa Cigogo, mheshimiwa anageuka kumtafuta mtendaji wa kijiji amtafsirie. Yule kijana wa Idaho, pamoja na marahaba yake ya aibu, ndani ya miezi minne ameshajua mbukwenyi. Alinisalimia nayo. Nani ana deni kubwa hapo?

Kuna atakayesema mtumishi hakuja kufundisha, amehamishwa tu. Kwani semina ni nini? Kwani ziara ni nini? Kazi nusu ya serikali hii ni kuelimisha wananchi. Kila siku wananchi wanaelimishwa, hawamalizi, na hakuna siku nimesikia mkurugenzi amekwenda kuelimishwa na wananchi.

Sasa niseme lililonifanya niandike, maana msidhani ni yale maswali matatu. Jirani yangu hapa mtaani ana kijana. Alibatizwa kwa hao Wamormoni akiwa sekondari, mama yake ni Mwanglikana wa kuzaliwa, akalia kidogo, akanyamaza. Mwaka jana kijana akapata nafasi UDOM. Akaiacha, akaenda misheni Uganda miaka miwili. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlipia ada kuanzia kidato cha kwanza kwa kuuza zabibu, amevimba mpaka leo. Anasema mtoto ametekwa akili. Anasema fedha zake zimekwenda Marekani. Hampokei simu. Mama anakuja kwangu jioni na simu yake nimsomee ujumbe, kwa sababu macho, anasema, ingawa mimi najua anaziona herufi vizuri, anachotaka ni mtu wa kusoma naye.

Basi nimesoma. Kijana anaandika kwamba milango inafungwa usoni. Kwamba mwenza wake wa kwanza, Mmarekani, alikuwa hajui kufua kwa mikono, akamfundisha. Kwamba matoke amezoea ila ugali wa uwele anauota. Kwamba kule anaitwa Mtanzania na watoto wanamwigiza Kiswahili chake kwa kuwa kule Kiswahili ni cha askari, anasema, ukiongea nacho kwa sauti kubwa watu wanarudi nyuma. Kwa hiyo ameacha kukitumia mlangoni. Anajifunza Luganda kwa mama mmoja muuza ndizi anayemsahihisha kila asubuhi, "wasuze otya nnyabo", tena, tena, hapana, tena, mpaka ipite. Mama yule hajabatizwa na amemwambia wazi hatabatizwa. Anaendelea kumsahihisha tu.

Mackay alipita Ugogo kwenda kuwafundisha Waganda. Sasa Mgogo naye amekwenda Uganda, kwa basi, na anafundishwa na muuza ndizi. Mimi hiyo habari inanifurahisha kuliko barabara ya Saadani.

Mjomba, najua unasoma hapa, kijana wako wa dukani aliniambia anakufungulia. Hasira yako ya ada naielewa. Chuo kilikuwa na nafasi na nafasi hizi haziokotwi, hilo siwezi kukubishia, na akirudi mwambie mbele yangu. Muulize pia habari ya 1978, tena muulize kwa ukali, anatakiwa awe na jibu lake mwenyewe na siyo la Salt Lake City. Lakini hiyo habari ya kutekwa akili iache. Huwezi kumuuliza kitu mtu ambaye humpokei simu. Wanaruhusiwa kupiga nyumbani mara moja kwa wiki, kwake ni Jumatatu, siku yao ya kufua. Anapiga saa tisa alasiri. Anampigia mama yake kwanza, halafu anajaribu namba yako, inaita mpaka inakatika, halafu anarudi kumuuliza mama kama mjomba ni mzima.